Ikiwa ukuta wa seli ni selulosi isiyoyeyuka, maharage hulainikaje yakichemshwa?

Mwalimu wa Zamu aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita, na wiki iliyopita nilishindwa kujibu swali la mwanafunzi mbele ya darasa zima. Tulikuwa katika mada ya polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari, nami nilikuwa nimeandika ubaoni sentensi ninayoiandika kila mwaka, kwamba ukuta wa seli ya mmea umejengwa kwa selulosi, kwamba selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi, na kwamba haiyeyuki katika maji wala haimeng'enywi na binadamu. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama selulosi haiyeyuki hata katika maji yanayochemka, maharage yanalainikaje?"

Nilitaka kumjibu kwamba kinachoiva ni wanga uliomo ndani ya seli, lakini aliniwahi kwa swali la pili. Kwao maharage ya msimu huu huiva kwa muda wa saa moja na nusu, ilhali yale ya gunia lililobaki tangu mwaka juzi, ya mbegu ileile na kutoka shamba lilelile, huchemka mchana kutwa na bado punje hubaki na kiini kigumu, mpaka mama yake atie magadi. Wanga ni uleule na selulosi ni ileile. Je, kilichobadilika ghalani ni nini, na magadi hufanya kazi gani?

Vitabu nilivyo navyo hutaja hemiselulosi na pektini kwa mstari mmoja, kisha hurudi kwenye selulosi. Nitashukuru nikipata maelezo ya kina kuhusu kila moja ya polisakaridi hizi, yaani imeundwa kwa nini na ina kazi gani katika ukuta, ili nirudi darasani nikiwa na jibu linaloeleweka. Nimemwahidi binti huyo kwamba nitamjibu.

Mkemia wa Chakula alijibu:

Mwalimu, mpe pongezi binti huyo, kwa sababu ameuliza palepale ambapo sentensi yako ya ubaoni inapungukiwa. Selulosi imo katika ukuta, lakini haimo peke yake, na katika punje ya maharage si selulosi inayoamua kama chakula kimeiva au bado.

Anza na jambo mnaloweza kulihakikisha kwa vidole. Chukueni punje iliyoiva vizuri, iondoeni ganda, kisha muiponde. Ule ulaini mnaouhisi hautokani na kuta zilizoyeyuka. Ni seli nzimanzima zilizoachana, kila moja ikiwa bado imevaa ukuta wake, na wanga wake umo ndani. Punje ambayo haijaiva ukiiminya hupasuka kwa namna nyingine kabisa: ufa hupita katikati ya seli na kuzichana, kwa maana kinachozishikanisha seli bado kina nguvu kuliko seli zenyewe. Kupika maharage, kwa lugha ya kemia, ni kuachanisha seli.

Kinachozishikanisha ni pektini. Kati ya seli moja na jirani yake kuna tabaka jembamba ambalo seli zote mbili huchangia, nalo limejaa pektini kuliko kitu kingine chochote. Jina hilo lilitolewa na mkemia Mfaransa Henri Braconnot mwaka 1825, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kugandamana, na bado linafaa. Selulosi yenyewe ilitengwa baadaye kidogo, mwaka 1838, na Mfaransa mwingine, Anselme Payen. Pektini haikujengwa kwa glukosi. Sehemu yake kubwa ni mnyororo wa asidi ya galakturoni, ambayo ni ndugu wa sukari iitwayo galaktosi mwenye kundi la asidi. Makundi mengine ya asidi yako wazi na yana chaji hasi, na mengine yamefunikwa na methili, kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni, hivyo hayana chaji. Tofauti hii ndogo ndiyo ufunguo wa habari yote.

Ioni ya kalsiamu ina chaji chanya mbili, kwa hiyo inaweza kushika minyororo miwili ya pektini kwa mpigo, mmoja huku na mwingine kule. Kalsiamu zikijipanga nyingi kati ya minyororo miwili iliyo wazi, hukaa kama mayai kwenye trei, na minyororo hiyo haiachani kwa urahisi. Kadiri pektini inavyokuwa na methili chache ndivyo inavyoshikwa na kalsiamu kwa nguvu zaidi.

Sasa tuwashe moto. Katika maji yasiyo na asidi, joto la kuchemka hukata mnyororo wa pektini vipande vipande, na hukata hasa pale ambapo jirani amefunikwa na methili. Vipande vifupi huyeyuka, tabaka la kati hulegea, na seli huachana. Selulosi hiyohiyo, katika sufuria hiyohiyo, haijaguswa. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza.

Kuhusu gunia la mwaka juzi, maharage yanapokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu, yaani katika maghala yetu mengi, punje haijafa bali inaendelea na shughuli zake polepole. Kimeng'enya kimoja huondoa methili kwenye pektini. Kingine huvunja fiteti, ambayo ndiyo hazina ya fosforasi ya mbegu na ndiyo iliyokuwa imekamata kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo yakiachiwa huhamia kwenye tabaka la kati na kukuta pektini iliyovuliwa methili ikiyasubiri. Tazama jinsi hasara inavyokuja mara mbili: pektini isiyo na methili hushikwa zaidi na kalsiamu, na pia hukatika kwa shida zaidi kwa joto. Wapo watafiti wanaoongeza sababu nyingine, kwamba dawa za asili za ganda, zile jamii ya tanini, nazo huingia ndani na kuzifunga kuta, na sioni kwamba maelezo haya mawili yanapingana.

Magadi ni kabonati na bikabonati ya sodiamu zilizoshikana pamoja, kama yanavyopatikana Ziwa Magadi upande wa Kenya na Ziwa Natron upande wa Tanzania. Hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, alkali huharakisha sana kule kukatika kwa mnyororo wa pektini. Pili, kabonati hukamata kalsiamu na kuigeuza kuwa kalsiamu kabonati isiyoyeyuka. Tatu, sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu iliyoondoka, na kwa kuwa ina chaji moja tu haiwezi kushika minyororo miwili. Mama wa binti huyo anafanya kemia nzuri sana jikoni, ingawa bei yake ni kwamba vitamini B1 huharibika katika alkali, kwa hiyo asizidishe.

Tukirudi kwenye selulosi, mwanafunzi anapaswa kuelewa kwa nini glukosi ileile huwa chakula katika wanga na huwa nguzo katika selulosi. Katika wanga, glukosi zimeunganishwa kwa kifungo kinachoitwa alfa, na mnyororo hujipinda kama springi, hivyo maji na vimeng'enya hupata nafasi ya kupenya. Katika selulosi kifungo ni beta, ambapo kila glukosi imepinduliwa ikilinganishwa na jirani yake, na matokeo yake mnyororo hunyooka kama rula. Minyororo iliyonyooka hulala pamoja, bega kwa bega, ikishikana kwa vifungo vya haidrojeni visivyohesabika. Kwa hesabu zinazokubaliwa na wengi sasa, minyororo kama 18 huunda uzi mmoja mdogo wenye upana wa nanomita 3 hivi, na katika pamba mnyororo mmoja unaweza kuwa na glukosi zaidi ya 10,000. Kifungo kimoja cha haidrojeni ni dhaifu, lakini maelfu yakiwa pamoja maji hayapati pa kuingilia.

Mama wa Makumbi alijibu:

Mwalimu, mimi si mtaalamu wa maabara, ila niliposoma maelezo ya Mkemia nimeona jambo ambalo sisi wanawake wa pwani ya Unguja tunalifanya tangu enzi za bibi zetu bila kulijua kwa jina. Makumbi ya nazi huzikwa ufukweni, kwenye tope ambalo maji ya bahari hujaa na kupwa, yakakaa huko miezi mingi. Yakifukuliwa yananuka, na ile nyama laini iliyokuwa kati ya nyuzi imeoza, lakini usumba wenyewe uko imara. Tunayaponda kwa gongo, tunayasuuza, kisha tunasokota kamba. Kumbi ambalo halijazikwa ukilipiga hivyo hivyo utachoka wewe kabla yake.

Kama nimeelewa, kilichooza ni hiyo pektini na kilichobaki ni selulosi. Je, ni sahihi? Na je, mwani tunaolima nao una ukuta wa namna hiyo? Nauliza kwa sababu wanunuzi hutuambia kwamba wanautaka kwa ajili ya kitu cha kugandisha vyakula.

Mkemia wa Chakula alijibu:

Bi Mkubwa, umeelewa vyema kuliko wengi waliokaa darasani. Bakteria wa kwenye tope hutoa vimeng'enya vinavyokata pektini, na baada ya hapo hemiselulosi nyepesi hufuata. Selulosi ni ngumu kwao, na zaidi ya hapo usumba una lignini nyingi mno, ambayo si polisakaridi hata kidogo bali ni kitu kinachomiminwa katika nafasi za ukuta seli inapokuwa imeacha kukua, kikaufanya ukuta kuwa mgumu na kuzuia maji. Ndiyo maana kamba ya usumba hudumu baharini. Maharage jikoni huachanishwa kwa moto, na makumbi huachanishwa kwa vijidudu, lakini kinachoondolewa ni kitu kilekile. Kahawa ya Kilimanjaro nayo hupitia njia hiyo: ule ute unaong'ang'ania punje baada ya kumenywa ni pektini, na kuziacha punje zichachuke kwenye matangi ndiko kunakouondoa.

Mwani mnaolima ni mwani mwekundu, na ukuta wake ni habari nyingine. Una selulosi kidogo tu, na sehemu kubwa ni karagini, polisakaridi ya galaktosi yenye makundi ya salfeti ambayo mimea ya nchi kavu haina. Ule mnaouita kotoni hutoa karagini inayoganda kwa ukakamavu ikikutana na potasiamu, na spinosamu hutoa ile inayoganda kwa ulaini ikikutana na kalsiamu. Mmea unaoyumbishwa na mawimbi mchana na usiku hauna haja ya nguzo ngumu, unahitaji ukuta unaonesa.

Mwalimu wa Zamu aliuliza tena:

Nashukuru sana, Mkemia, na shikamoo Bi Mkubwa. Maelezo ya makumbi nimeyanakili neno kwa neno.

Imebaki hemiselulosi. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba ukuta wa seli ni kama zege, selulosi ikiwa nondo na hemiselulosi ikiwa saruji inayozifunga nondo hizo. Je, mfano huu unafaa? Pia mwanafunzi mwingine ameuliza kwa nini mahindi ya kande hayalainiki upesi hata magadi yanapotiwa, ilhali maharage ya sufuria hiyohiyo yameshapondeka.

Mtafiti wa Mimea alijibu:

Naomba niingie hapa, kwa sababu mfano wa zege umetusumbua hata sisi watafiti kwa miaka mingi, na ningependa usiingie katika daftari za wanafunzi bila tahadhari.

Hemiselulosi ni jina la familia, si la kitu kimoja. Ndani yake kuna zailoglukani, ambayo ina uti wa mgongo kama wa selulosi lakini wenye matawi ya sukari iitwayo zailosi, kuna zailani, ambayo uti wake wenyewe ni zailosi, na kuna manani, ambayo uti wake ni sukari iitwayo manosi. Kinachozikutanisha ni kwamba minyororo yake imenyooka kama ya selulosi, hivyo inaweza kuilalia na kuishika, lakini matawi yake huizuia isijipange na kuwa uzi mgumu. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba zailoglukani ni kamba zinazofunga uzi mmoja wa selulosi kwa mwingine, na kwamba mmea bila kamba hizo ungesambaratika. Kisha mwaka 2008 ukachapishwa uchunguzi wa mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis ambao ulikuwa umenyimwa uwezo wa kutengeneza zailoglukani. Mmea huo ulikuwa mdogo kidogo na ukuta wake ulikuwa dhaifu, lakini uliota, ukachanua na kuzaa mbegu. Saruji iliondolewa na nyumba ikabaki imesimama. Wengi sasa wanaona kwamba nyuzi za selulosi hugusana zenyewe katika sehemu chache maalumu, na hemiselulosi hufanya kazi yake hasa katika sehemu hizo, wakati pektini hujaza nafasi zote zilizobaki na kubeba sehemu ya mzigo.

Kasoro kubwa zaidi ya mfano wa zege ni kwamba zege haikui. Ukuta wa seli changa unabeba msukumo wa maji ambao unaweza kuzidi mara mbili au tatu ule wa hewa katika tairi la gari, na bado unatakiwa kutanuka bila kupasuka. Ningewaambia wanafunzi wafikirie kikapu kibichi cha ukili kilicholoweshwa, ambacho mistari yake ni imara lakini inaweza kuteleza kidogo juu ya mingine. Uzi wa selulosi haurefuki, kinachotokea ni nyuzi kuteleza na kuachiana nafasi. Na kwa kuwa nyuzi hizo mara nyingi huzungushwa kiunoni mwa seli kama pete za pipa, seli haiwezi kunenepa, hivyo hurefuka. Urefu wa shina la mhindi umeamuliwa na mwelekeo wa nyuzi ambazo huwezi kuziona hata kwa hadubini ya shuleni.

Mimea haifanani katika mgawanyo huu. Katika ukuta wa awali wa maharage, nyanya au embe, yaani kabla lignini haijaingia, pektini ni kama theluthi ya uzito mkavu, hemiselulosi nayo inakaribia hapo, na selulosi ni robo hadi theluthi. Katika jamii ya nyasi, ambamo mna mahindi, mpunga, ngano na mtama, pektini ni kidogo sana, pengine sehemu moja ya kumi au pungufu, na nafasi yake imechukuliwa na zailani yenye matawi ya arabinosi, sukari nyingine. Zailani hiyo ina silaha ya ziada: kwenye baadhi ya matawi kumening'inia asidi ya feruli, na asidi mbili za namna hiyo zikikutana huungana na kuifunga minyororo kwa kifungo cha kudumu.

Hapo ndipo lilipo jibu la kande. Magadi hulenga pektini, na ganda la punje ya hindi halina pektini ya kutosha kuifanya kazi hiyo ionekane. Ili kulilegeza inabidi kukata vifungo vya asidi ya feruli, na alkali hafifu ya magadi katika muda wa mapishi ya kawaida hufika mahali pachache tu. Watu wa Mexico walilimaliza tatizo hili tangu zamani za kale kwa kuchemsha mahindi katika maji ya chokaa na kuyaacha humo usiku kucha, mpaka ganda likavuka lenyewe. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza kwa nini chokaa, ambayo imejaa kalsiamu, haifanyi mahindi kuwa magumu kama inavyofanya maharage. Mjibu kwamba kalsiamu hushika pektini, na katika ganda la hindi kuna pektini kidogo ya kushika, ilhali ukali wa alkali ya chokaa unatosha kukata vifungo vya asidi ya feruli vinavyoishika zailani. Bibi zetu waliotwanga mahindi kinuni na kupepeta pumba kabla ya kupika kande walilimaliza tatizo hilohilo kwa mchi.

Nisisahau mambo mawili kuhusu kazi za polisakaridi hizi, kwa maana vitabu hukomea kwenye nguvu na umbo. La kwanza ni akiba. Mbegu ya ukwaju haiweki akiba yake kama wanga. Huiweka ukutani, kwa kuufanya ukuta wenyewe kuwa mnene kwa zailoglukani, na mbegu inapoota hula kuta zake. Kokwa ya tende na punje ya kahawa hufanya hivyo kwa manani, na ndiyo sababu kokwa ya tende inaweza kukuvunja jino. La pili ni ulinzi. Ukungu unaposhambulia jani hukata pektini kwa vimeng'enya vyake, na vipande vya pektini vilivyokatwa huwa habari kwa mmea kwamba adui ameingia, nao huanza kujikinga kabla hajafika mbali. Ukuta unapobomolewa, kifusi chake hupiga mbiu.

Kwa wanaolima kahawa, niongeze kwamba sehemu moja adimu ya pektini hufungwa kwa boroni badala ya kalsiamu, ikihitaji kiasi kidogo mno. Boroni ikikosekana kwenye udongo, ncha changa za matawi ndizo hufa kwanza, kwa kuwa huko ndiko kuta mpya zinakojengwa.

Mpishi wa Bweni alijibu:

Mwalimu, ninapika katika shule ya bweni, masufuria makubwa, kila siku ya Mungu maharage. Nina mambo mawili niliyoyaona kwa macho na ningependa Mkemia ayaeleze. Tulipokuwa tukitumia maji ya kisima, ambayo huacha ukoko mweupe kwenye birika, kuni zilikuwa haziishi kuongezwa. Tulipopata tangi la maji ya mvua, maharage ya ghala lilelile yakaanza kuiva mapema. Jambo la pili ni nyanya. Msaidizi wangu mmoja alikuwa anatia nyanya na ukwaju tangu mwanzo ili mchuzi ukolee, na siku hizo wanafunzi walirudisha sahani. Siku hizi nyanya haziingii mpaka punje ipondeke kwa vidole.

Mkemia wa Chakula alijibu:

Kaka, yote mawili ni pektini. Ukoko mweupe wa birika ni kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo maji ya kisima chenu yalikuwa yanayaongezea maharage kile ambacho ghala lenye joto huwapa kwa miaka miwili. Kuhusu nyanya na ukwaju, pektini hustahimili joto kuliko popote pale panapokuwa na asidi kiasi, kwenye pH ya karibu 4, ambako kule kukatika kwa mnyororo hupungua sana. Ukitia asidi mwanzoni unakuwa umeikinga pektini dhidi ya moto wako mwenyewe. Sheria yako ya vidole ni sahihi, usiibadilishe.

Nikupe na ya kwako ya ziada kwa ajili ya viazi. Ukivipasha polepole na kuviacha kwenye maji ya nyuzi joto 50 hadi 60 kwa nusu saa kabla ya kuchemsha, kimeng'enya kilichomo ndani huamka, huondoa methili kwenye pektini, kalsiamu iliyopo huishika, na viazi havivurugiki kwenye mchuzi. Ni uharibifu uleule wa maharage ya mwaka juzi, ila safari hii tumeutaka wenyewe.

Mwalimu wa Zamu alirudi:

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa. Tulifanya jaribio Jumamosi kwa maharage mapya ya gunia moja, yaliyolowekwa usiku mmoja, katika sufuria nne zenye maji ya kiasi sawa: maji ya mvua, maji ya kisima, maji ya mvua yenye magadi kidogo, na maji ya mvua yenye limau. Sufuria ya magadi ilikuwa ya kwanza, na mchuzi wake ukawa na rangi ya kahawia. Ya maji ya mvua ilifuata, kisha ya kisima baada ya muda mrefu. Ya limau tuliizima saa ya tatu kwa sababu kuni ziliisha, na punje zake zilikuwa bado zinakatika mdomoni kama karanga mbichi.

Baadaye tuliweka kipande kidogo cha kila sampuli kwenye hadubini na tone la iodini. Binti aliyeuliza ndiye aliyetangulia kuangalia. Katika punje za maji ya mvua aliona seli za duara dufu zilizotengana kabisa, ndani zikiwa na wanga uliogeuka rangi ya buluu nzito, na pembeni ya kila seli mstari mwembamba wa ukuta usio na tundu. Katika punje za limau, ambazo ilibidi tuziponde kwa kisu, seli zilikuwa zimechanika na wanga wa buluu umetapakaa kila mahali nje yake. Aliniuliza kama anaweza kufuta sentensi yangu ubaoni, nami nikampa dasta.

Mkemia, Mtafiti na Kaka Mpishi, nawashukuru. Bi Mkubwa, ukiniruhusu, muhula ujao nitaomba kipande cha kumbi bichi na kingine kilichofukuliwa, tuviweke chini ya hadubini hiyohiyo.

Mama wa Makumbi alijibu:

Marahaba mwalimu, na karibu sana. Vipande utavipata. Ila kile kilichofukuliwa kisuuze, ukianike jua la siku mbili, kisha ukifunge kwenye mifuko miwili kabla hujapanda boti, la sivyo abiria wenzako watakuteremsha katikati ya bahari.